Mpira ulikuwa wake

Jumamosi usiku. Nimerudi nyumbani sauti imekauka.

Kijana wangu mmoja wa miaka 13 amegoma leo katikati ya seti. Mwenzake alisema mpira umetoka, yeye akasema umegusa mstari, na raketi ikaruka mpaka kwenye uzio. Nikamwambia achukue begi lake akakae nje. Alipopita mbele yangu alisema taratibu, "Lakini mwalimu, ule mpira ulikuwa wangu." Ulikuwa wake kweli. Niliuona kwa macho yangu.

Jambo hilo limenikalia jioni nzima, na kila linaponifika jambo la namna hii mawazo yangu huenda kwa Arthur Ashe, mchezaji tenisi mweusi wa Marekani. Wengi humkumbuka kwa Wimbledon ya 1975, mashindano makubwa ya Uingereza, alipomshinda Jimmy Connors kwa mipira laini ya chinichini, na kila walipopumzika akikaa kitini amefumba macho. Hadi leo hakuna mwanamume mwingine mweusi aliyelichukua taji lile la mchezaji mmoja mmoja. Mimi huwa namfikiria zaidi Ashe wa kwenye benchi.

Alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1943. Baba yake alikuwa mtunzaji wa bustani ya michezo ya watu weusi, na familia iliishi humohumo, viwanja vya tenisi vikiwa hatua chache kutoka mlangoni. Mama alifariki Arthur akiwa na miaka 6. Baadaye akawa anapelekwa Lynchburg wakati wa kiangazi, kwa Dk. Robert Walter Johnson, daktari mweusi aliyewafundisha watoto tenisi nyumbani kwake. Althea Gibson, mchezaji mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon, naye alipita mikononi mwake. Daktari alikuwa na amri moja ambayo sijaweza kuisahau tangu niisome: mpira wa mpinzani ukitoka kwa inchi mbili, uhesabu umeingia. Usibishane. Wanafunzi wake walikuwa wanakwenda kucheza kwenye mashindano ya wazungu, na neno moja la hasira lingetosha kuwa sababu ya kuwafungia mlango.

Utulivu ule alikwenda nao chuo kikuu, UCLA, na mwaka 1965 akawa bingwa wa vyuo vya Marekani, yeye mwenyewe na timu yake pia. Akaingia jeshini, akapelekwa West Point, na huko ndiko alikoanza kufundisha: luteni kijana akiisimamia tenisi ya chuo cha kijeshi. Alikuwa bado mwanajeshi aliposhinda US Open ya 1968 kwa seti tano dhidi ya Tom Okker. Zawadi ya dola 14,000 ilikwenda kwa Okker aliyeshindwa, kwa kuwa Ashe alicheza kama mchezaji wa ridhaa. Yeye alipata posho ya dola 20 kwa siku. Kila nikiwasimulia vijana wangu habari hii, hawaniamini.

Ugonjwa wa moyo ulimstaafisha mapema, na mwaka 1981 akawa nahodha wa Marekani katika Kombe la Davis, mashindano ya timu za mataifa, nahodha wa kukaa kando ya uwanja na kuongoza. Sasa mchezaji wake mkuu alikuwa John McEnroe. Fikiria mtu aliyelelewa na amri ya inchi mbili, amekaa hatua chache kutoka kwa McEnroe anayewafokea waamuzi! Kwenye fainali ya mwaka huo na Argentina, pale Cincinnati, katika mechi ya wawili wawili, Ashe alishindwa kuvumilia, akaingia uwanjani kumkabili. Mechi ile ilikwenda mpaka 11-9 katika seti ya tano, Marekani wakashinda, na kombe wakachukua.

Mwaka uliofuata fainali ikawa Grenoble, Ufaransa. Aliyesimama upande wa pili wa wavu mbele ya McEnroe alikuwa Yannick Noah, yule ambaye Ashe alimkuta mtoto kule Yaoundé, Kamerun, mwaka 1971 na kumpigia simu Philippe Chatrier, kiongozi wa tenisi ya Ufaransa, ili apelekwe Ufaransa kujifunza. Wakapigana seti tano, McEnroe akashinda. Huwa naliwazia benchi lile. Mwanafunzi wako ni yule anayefoka, na yule uliyemwona wewe kabla ya watu wengi ndiye unayetakiwa kumshinda.

Mimi nami nilifundishwa kuacha mpira upite. Tulikuwa watoto wa mtaani tunaoruhusiwa kucheza kwenye kiwanja cha wenyewe saa za mchana, wanachama wakiwa wamekwenda kulala, na mwalimu wetu alijua kwamba kelele moja ingetufukuzisha wote. Alitupenda, ndiyo maana alitunyamazisha. Lakini kiwanja ninachofundishia leo ni cha shule, na kijana huyu ni mwanafunzi wa pale. Hakuna atakayemfukuza. Nimempa hofu yangu mimi, nikaiita nidhamu.

Raketi hairushwi, hilo halibadiliki. Ila kesho saa 1 asubuhi, kabla hatujaanza kupasha mwili, nitamwita pembeni nimwambie mpira ulikuwa wake, na kwamba niliuona.