Avoka ndani ya gunia

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 13, na mama aliuza makala, yaani makaa ya kupikia, katika soko la Kadutu, Bukavu. Gunia aligawa kwa ndobo, ndobo akagawa kwa mafungu ya wenye pesa kidogo. Shule ilipotupeleka Tshivanga, kwenye parke ya Kahuzi-Biega, wenzangu walizungumzia gorila tu. Basi lilipopita Miti tulicheka hilo jina, maana miti yenyewe ilikuwa ya kuhesabu.

Gorila hatukuwaona. Tulikuwa wadogo mno kuwafuata, wakatuambia pale langoni. Tukapewa muzee mmoja atuzungushe msituni, na tulinuna kweli.

Muzee akasimama chini ya mti mrefu, akachuma jani, akalifikicha, akatupitishia puani. Lilinukia kama zeri ile ya kupaka kifuani ukiwa na mafua.

"Huu ni okotea," akasema. "Ndugu wa avoka."

Tulicheka. Avoka gani halina tunda la kula! Yeye hakucheka. Akasema hata mdalasini ni wa ukoo huo, na kwamba kule Usambara na Kilimanjaro iko okotea wanayoiita mkulo, inayoweza kupita mita 40. Wapasua mbao waliiandama miaka na miaka, kwa kuwa mbao yake inanukia na haiozi upesi. Inakua polepole. Ukiikata, mizizi inatoa machipukizi, mradi uyaache yakue.

Mbele kidogo palikuwa na kisiki. Machipukizi yake yalikuwa yamefyekwa, na kando yake duara la udongo mweusi, pale tanuri la makala lilipokuwa.

"Nani kwenu wanapikia makala?"

Mikono yote ikapanda, hadi ya mwalimu. Wangu ulipanda mwisho.

"Mama yake ndiye anayauza!" mmoja akapaza sauti. Sitamtaja, mpaka leo tunasalimiana. Muzee alinitazama tu, akaendelea na njia.

Usiku, mama akihesabu pesa, niliingiza kichwa ndani ya gunia nikavuta pumzi. Ile harufu haikuwemo. Moto huanza kula mafuta yanayonukia kabla ya kula mti, ila hilo nilikuja kulijua baadaye sana. Usiku ule nilipata vumbi, nikapiga chafya tatu.

"Unatafuta nini mule?"

"Avoka, mama."

"Iko ku meza. Kula, uache makala ya watu."