Mguu usiokuwepo unapouma

Mwaka wangu wa tatu kama daktari jeshini, koplo mmoja aliniambia vidole vyake vya mguu wa kulia vinabanwa usiku kucha kama vimetiwa kwenye buti ndogo. Mguu wenyewe ulikuwa umekatwa chini ya goti miezi minne nyuma, baada ya ajali ya pikipiki barabara ya Morogoro. Nikamwambia atazoea. "Ndiyo, afande," akaitikia, akachukua magongo yake akatoka. Jibu langu lile liliniuma, na ndilo lililonipeleka kusomea tiba ya maumivu.

Niliporudi Dar es Salaam nikamtafuta. Bado alikuwa halali.

Nilianza na kigutu. Palikuwa na sehemu moja, ukiigusa tu anaruka. Neva iliyokatwa ilikuwa imeota kinundu. Nikiongozwa na picha ya ultrasaundi, nikamchoma sindano ya ganzi na steroidi pembeni ya kinundu kile. Baada ya siku chache akaweza kuvaa mguu bandia bila kusaga meno, na mtaalamu wa fiziotherapia akaanza kumfundisha kutembea upya.

Vidole vya usiku vikabaki vilevile. Hapa hata sisi madaktari huchanganya. Maumivu ya kigutu ni mengine, na ya mguu usiokuwepo ni mengine: ubongo bado una ramani ya mguu ule, na sindano ya kwenye kigutu haikuyafikia.

Nikakumbuka tiba ya kioo: mgonjwa hutazama taswira ya mguu mzima kana kwamba ndio ule uliokatwa. Wazo ni la V. S. Ramachandran, mtaalamu wa neva wa California, miaka ya 1990. Mwaka 2007 madaktari wa Walter Reed, hospitali ya jeshi la Marekani, wakachapisha jaribio lao: dakika 15 kila siku kwa wiki 4, na wote sita waliotumia kioo wakapata nafuu. Watu sita ni wachache, lakini kioo hakina sumu wala gharama kubwa. Fundi wa Keko akanitengenezea kimoja, kirefu, chenye fremu ya mbao.

Koplo akaketi mkekani, kioo katikati ya mapaja, mguu wa kushoto mbele yake. Ukitazama, miguu ni miwili. Nikamwambia akunje vidole, akunjue, polepole. Akakunja mara mbili, akageuza uso, machozi yakimtoka. Akataka tuache. Tukaacha. Sikumlazimisha, mtu kuuona tena mguu aliouzika si jambo dogo.

Kesho yake akaja na mkewe. "Shemeji," nikamwambia, "wewe ndiye utakayeshika saa." Wakakibeba kioo hadi nyumbani Kitunda, na kila jioni baada ya chakula wakawa wanafanya.

Wiki ya nne simu ikaita mapema, kabla sijatoka kazini kwa zamu ya usiku.

"Daktari, leo kaamshwa na adhana."

Maumivu hayajamwisha kabisa. Siku za baridi hurudi, na hapo hukishusha kioo ukutani, akakaa mkekani.