Saa Ngapi Inaanguka?

Mwaka 2016 tulikuwa tunakaa Tororo, mashariki mwa Uganda, nyumba ya kupanga nyuma ya kota za reli: vyumba viwili, na uani kibanda kilichoezekwa mabati bila dari. Mke wangu alikitaka kiwe stoo ya mahindi. Nikamwahi. Alipokuja kutazama, alikuta nimeshaingiza meza ya plaiwudi ya futi kumi kwa nne, miguu yake imesimama ndani ya makopo ya oili chafu kuzuia mchwa, na juu ya meza nimeanza kulaza reli za treni ndogo ya kuchezea.

Treni yenyewe ilitoka Leicester, Uingereza. Binamu yangu anayeishi huko aliikuta kwenye duka la vitu vya mitumba, boksi zima kwa bei ya jozi ya viatu, akaipakia pamoja na nguo za watoto. Kichwa cha dizeli cha rangi ya buluu, mabehewa manne ya abiria, pointi tatu (pale treni inapobadilisha njia), na reli za kuzunguka meza nzima zikabaki za stesheni. Kidhibiti cha mwendo kilifika kimekufa. Hilo halikuninyima usingizi, maana kazi yangu ni redio na simu. Treni hizi hutumia umeme wa volti 12 wa aina ileile ya betri: ukiongeza volti inakimbia, ukipunguza inatambaa, ukigeuza nyaya inarudi kinyumenyume. Nikachukua transista ya 2N3055 kutoka kwenye amplifaya iliyoungua, nikaifunga kwenye bamba la alumini ili ipoe, na voliumu ya redio mbovu ikawa ndiyo usukani. Moto wote unatoka kwenye betri ya sola. Umeme ukikatika usiku, mtaa mzima giza, treni yangu inatembea. (Mke wangu aliwahi kuuliza kwa nini betri hiyohiyo haiwezi kuwasha taa ya jikoni. Nilibadilisha mazungumzo.)

Mambo yalikwenda kwa kupanda na kushuka. Nilijenga mfano wa Mwamba wa Tororo, ule mlima wa mawe wa mjini kwetu, kwa magazeti ya zamani na uji wa muhogo, ukakauka vizuri, nikaupaka rangi, panya wakaula kuanzia kileleni. Nikajenga mwingine kwa simenti, ukawa mzito hata meza ikabonyea. Wa tatu ni wa matambara, na ndio uliobaki.

Mtu wa kwanza kuichukulia kazi hiyo kwa uzito alikuwa mzee tuliyemwita Nyapara. Hilo si jina lake, ni cheo chake. Aliajiriwa akiwa kijana enzi za East African Railways, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 akabaki upande wa Uganda, akastaafu akiwa nyapara wa genge, yaani mkubwa wa wale wanaotembea juu ya njia kila asubuhi na nyundo begani, wakikaza palipolegea na kushindilia kokoto palipotitia. Wazee wengine wa kota walipenda kusimulia vichwa, hasa yale magarati, vichwa vikubwa vya mvuke, ya daraja la 60 yaliyobeba majina ya magavana. Nyapara hakuwa na habari na vichwa. Kwake kichwa ni kitu kinachopita kuharibu njia.

Siku aliyoingia kibandani mara ya kwanza alisalimia, akainama, akatazama kwa muda.

"Mwanangu, hii ni geji gani?"

"Milimita kumi na sita na nusu, Mzee."

"Sikuulizi hivyo. Nauliza ni ya wapi. Ya kwetu siyo."

Geji ni upana kati ya reli mbili, naye alikuwa sahihi. Na wala si ya Waingereza wenyewe. Treni hizo zimepunguzwa mara 76. Reli ya milimita 16.5 ukiikuza mara 76 unapata kama mita moja na robo, ilhali njia kuu za Uingereza ni milimita 1,435, na ya kwetu ni mita moja kamili tangu ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 mpaka ilipofika Kampala mwaka 1931. Waingereza wa mchezo huu wanalijua hilo, wamelizoea. Anayetaka mita moja ya haki hutafuta reli ya milimita 12 na treni zilizopunguzwa mara 87, na nyingi za namna hiyo ni mifano ya treni za Uswisi, kwa sababu kule milimani nako wana reli za mita moja. Bei yake siitaji hapa, mke wangu anasoma. Nyapara hakupiga hesabu yoyote kati ya hizi. Alitazama upana wa njia, akatazama mlango wa behewa, basi.

Sasa ile Jumamosi. Ilikuwa kiangazi cha mwanzo wa mwaka, jua la Tororo unalijua. Nilikuwa nimewaahidi watoto wa kota kwamba saa saba mchana treni itazunguka na mabehewa yote manne. Kwa muda nilikuwa nahangaika na kona moja, ile iliyo upande wa ukuta. Kichwa kikifika pale, gurudumu la mbele linapanda juu ya reli, kinalala ubavu. Lakini si kila mara. Nilikuwa nimesafisha reli kwa spiriti, nimepima nafasi kati ya magurudumu kwa kalipa (inatakiwa iwe karibu milimita 14.5, na ilikuwa hivyo), nimeongeza vipande vya risasi ndani ya mabehewa yawe mazito. Binamu naye alituma ushauri wa watu wa kwake: badilisha kona, weka pana zaidi. Kwa meza ya futi nne, pana iende wapi?

Asubuhi ya siku hiyo, kabla ya kwenda kwenye kibanda changu cha kazi sokoni, niliizungusha mpaka nikachoka kuitazama. Haikuanguka. Nikafunga mlango kwa furaha, nikarudi saa saba na watoto wako mlangoni, wengine na rolex (chapati ya mayai) mkononi kana kwamba wamekuja sinema.

Ikaanguka mzunguko wa kwanza. Nikairudisha, ikaanguka. Nikatoa mabehewa mawili, ikaanguka. Mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Sasa imekuwa treni ya Uganda," wakacheka wote, na mimi nikacheka ingawa moyoni nilimchukia kidogo.

Nyapara aliingia akitoka msikitini, kofia bado kichwani.

"Inaanguka wapi?"

Nikamwonyesha.

"Saa ngapi inaanguka?"

Sikuelewa. Nikamwambia, sasa hivi, Mzee, si unaona.

"Na asubuhi?"

"Asubuhi haianguki."

Akatazama juu, kwenye mabati. Akavua kofia, akalaza shavu lake mezani, jicho moja amefumba, jingine linafuata reli kuanzia mbali mpaka puani kwake. Nilikuwa nimewaona watu wa genge wakifanya hivyo wamelala kifudifudi juu ya njia na sikuwahi kujiuliza wanatafuta nini.

"Njoo hapa. Weka kichwa kama mimi."

Nikaweka. Kwa juu reli ilikuwa kona nzuri ya mviringo. Kwa chini, pale katikati ya kona, reli ya nje ilikuwa imetoka kitako, imejisukuma pembeni kiasi cha unene wa msumari mdogo.

Nilizilaza reli zile usiku, kwa sababu mchana niko sokoni, na usiku wa Tororo una baridi yake. Nilizibana kichwa kwa kichwa, ncha zinagusana, maana ndivyo umeme unavyopita vizuri. Mchana mabati yakichemka, reli inarefuka na haina pa kwenda. Chuma cha reli ya kweli, kipande cha mita 12, kikipata nyuzi 30 za joto zaidi hurefuka kama milimita nne. Reli zangu ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, unaorefuka kuliko chuma; kwa urefu wa meza ile ni kama milimita moja na nusu, na plaiwudi nayo ilikuwa inakauka na kujikaza kwa kiangazi. Milimita moja na nusu kwa treni ya ukubwa ule ni nyingi.

Nikasema basi tusubiri jua lishuke tukate mapengo.

"Hapana. Kata sasa, likiwa na moto. Wakati wa joto pengo linatakiwa liwe dogo, karibu kufunga. Wakati wa baridi liwe pana. Ukikata usiku utakata la usiku, na kesho mchana utanipigia kelele tena."

Nikachukua wembe wa msumeno wa chuma, nikakata kwenye kiungo. Ulipopenya tu, reli ikaruka ikarudi mahali pake na pengo nililokata likajifunga karibu lote. Watoto wakapiga makofi. Hao hao.

Nikawasha. Kichwa kikaenda mpaka kwenye pengo, kikafa. Umeme ulikuwa haupiti tena. Vile vibati vya kuunganishia vilikuwa vimelegea. Dawa yake ni waya mwembamba unaolehemiwa pande zote mbili za kiungo, ukiachwa na ulegevu kidogo ili reli iweze kwenda na kurudi. Kazi ya dakika tano, isipokuwa chuma changu cha kulehemu ni cha volti 240 na mtaa ulikuwa hauna umeme tangu alfajiri. Nikamtuma mtoto kwa jirani anayetengeneza vibatari. Akarudi na chuma cha shaba cha kupasha kwenye makaa, kinene kuliko dole gumba langu. Mke wangu alikuwa anapika. Tukamwomba sigiri kwa adabu zote.

Waya ulishika. Na mataruma ya plastiki yanayobeba reli chini yake yakayeyuka, sita au saba hivi, reli ikalala nje. Kimya kikaingia, halafu harufu.

Nyapara ndipo alipochangamka. Akaagiza kopo tupu la siagi na mkasi wa bati, akaanza kukata vipande vyembamba. "Haya ya plastiki yalinikera tangu siku ile. Njia yetu ni mataruma ya chuma. Ya mbao mchwa wangeyamaliza." Nikamwambia, Mzee, ya bati hayawezekani hapa, tutapiga shoti. Akaniuliza kama kuanzia hapa mpaka Malaba si chuma juu ya chuma, na mbona haipigi shoti. Nilipoona haniamini nilimwacha aweke moja. Cheche ikaruka, fyuzi ikaondoka.

Nikamweleza: kule kichwa kimebeba dizeli yake chenyewe. Hapa hakijabeba kitu. Reli ya kushoto ni chanya, ya kulia ni hasi, na mota inanyonya kupitia magurudumu. Ukiweka bati kati yao umezikutanisha.

Akafikiri. "Kumbe hizi ni nyaya, si reli."

"Ni vyote viwili, Mzee."

"Basi kazi yako ni ngumu kuliko niliyodhani." Kutoka kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa, nami niliipokea hivyo.

Dawa ilikuwa kwenye gunia langu la takataka. Bodi ya redio iliyokufa ni faiba ngumu yenye ngozi ya shaba juu. Nikakata vipande vya upana wa taruma, nikakwaruza mstari katikati ya kila kimoja mpaka shaba ikakatika, upande huu usijuane na ule, kisha nikavilehemu chini ya reli kimoja kimoja, chuma kikirudi kwenye makaa kila baada ya kipande. Nyapara alikuwa ameshachonga geji yake kwa mabaki ya alumini, yenye meno mawili, na hakuniruhusu kulehemu kipande chochote kabla hajapitisha. Kwenye kona alitaka geji ifunguliwe unene wa karatasi, kama wanavyofanya kwenye kona kali za kweli ili kichwa kirefu kipite bila kubana. Tukabishana kidogo. Nikampa karatasi moja, yeye alitaka mbili.

Tulimaliza jua linaelekea kuzama. Watoto walikuwa wametawanyika zamani, amebaki binti yangu na yule mchokozi wa treni ya Uganda. Niliongeza voliumu taratibu. Kichwa kikaingia kwenye kona, kikapita, na mabehewa yote manne yakapita nyuma yake. Kikazunguka tena, na tena. Yule mtoto hakusema neno.

Nilidhani Nyapara angefurahi. Badala yake aliomba kipande cha boksi, akaandika 10, akakisimamisha kabla ya kona. Njia iliyotoka kutengenezwa haipitwi kwa kasi, alisema, mpaka itulie. Kisha akaomba daftari la shule la binti yangu, akaandika tarehe, mahali, sababu, na kazi iliyofanyika, akaweka sahihi. Akaagiza treni isitembee tena mpaka Jumatatu asubuhi, atakapokuja kukagua njia nzima kabla sijaenda sokoni, akaondoka kuwahi magharibi.

Hakuwa hata amefika kwenye kona ya kota. Binti yangu akazungusha voliumu mpaka mwisho, treni ikapita kibao cha 10 kama haikioni, ikapita kona yetu salama, ikaenda kuangukia kwenye pointi ya stesheni, upande wa pili kabisa wa meza, ambako siku nzima hakuna mtu aliyegusa kitu.