Neno likifungwa mdomoni

Jana baada ya Isha nlikua barazani hapa Kibokoni, Mombasa, kahawa tungu mkononi, mara kijana mmoja katamka "wabara waende kwao" na baraza zima kimya, manake kando ya birika kulikua na jirani yetu wa Kitui, huko bara, miaka na miaka twala nae pilau za harusi. Mzee akamwambia, mwanangu, neno hilo ni marufuku. Kweli, 2022 kabla ya uchaguzi NCIC, tume ya Kenya ya uwiano na utangamano, ililitia kwenye orodha ya maneno ya chuki pamoja na "madoadoa", yaani watu wa kabila jengine, na Katiba ya 2010 kifungu cha 33 yatupa uhuru wa kusema lakini matamshi ya chuki hayamo.

Mie jibu la mzee halijanitosha. Ukimwambia kijana ni marufuku basi, atanyamaza, lakini uchungu wa kuishi skwota, bila hati, kwenye ardhi ya mababu zake utabaki ule ule kifuani, na huo ndio twafaa tuusikie. Aseme ardhi, aseme hati, aseme kazi za bandarini, kwa sauti, asiogope mtu! Ila jirani yetu hajamnyang'anya mtu hata hatua moja ya shamba. Kahawa aliinywa nusu, akaweka kikombe chini polepole, akaaga.