Kushona mfuko wa simu kwa kitambaa cha nyuzi za fedha

Mfuko huu huzuia mawimbi ya mtandao yasifike kwenye simu. Kitambaa chake kwa kawaida ni nailoni iliyopakwa fedha halisi. Kinachozuia mawimbi ni fedha hiyo kuungana bila kukatika, ndiyo maana mifuko mingi huvuja kwenye mshono na mdomo, si katikati. Wimbi la Wi-Fi ya 2.4 GHz lina urefu wa sentimita 12.5 hivi, mwanya mwembamba wenye urefu wa sentimita 6 unatosha kulipitisha.

Tumia tabaka mbili. Kunja ukingo mara mbili, fedha iguse fedha, kisha shona mistari miwili. Gundi ya kawaida usiitie kwenye mikunjo, haipitishi umeme. Mdomoni acha sentimita 8 za ziada, uukunje mara tatu.

Tia simu, subiri dakika moja, ipigie. Ikiita, kagua mdomo kwanza. Usiiache humo ikiwa imewashwa: ikikosa mtandao huutafuta mfululizo na kumaliza chaji.

Jiki usiiguse kabisa, klorini huila fedha. Fua kwa mkono, sabuni laini, bila kukamua. Na uga wa sumaku wa nyaya za umeme za 50 Hz haukomeshwi na kitambaa hiki, muuzaji aseme atakavyo.