Mstari ulionyooka ulionihangaisha

Kwa miaka mingi niliwafundisha vijana wangu wa kidato cha sita hapa Tanga kwamba superkondakta ni kitu ambacho ukinzani wake (jinsi kinavyozuia umeme kupita) hutoweka kikipozwa vya kutosha, nikaishia hapo. Lakini katika misombo ya chuma, iliyopata umaarufu mwaka 2008 baada ya kundi la Hideo Hosono wa Tokyo kutangaza mmoja unaopoteza ukinzani kwenye kelvini 26 (kelvini ni kipimo cha joto; 26 ni kama nyuzi 247 za Selsiasi chini ya sifuri), wataalamu huchunguza sana pia kinachotokea kabla ya kutoweka huko. Katika msombo wa bariamu, chuma na arseniki, ukiweka fosforasi mahali pa takriban asilimia 30 ya arseniki, mpangilio wa kisumaku huzimika, ukinzani hushuka kwa mstari ulionyooka kadiri baridi inavyozidi, kisha hutoweka karibu na kelvini 30. Fosforasi ikizidi, mstari hupinda na kelvini hizo nazo hupungua.

Kunyooka huko kuna ajabu gani? Niliamua kupima mwenyewe. Fundi wa kusuka mota wa Ngamiani alinipa koili ya shaba, na barafu nikainunua kwa wauza samaki wa Deep Sea. Mwanzoni namba zilirukaruka hovyo.

"Mwalimu, waya huo una vanishi, ukwangue kwanza," fundi aliniambia, na ilikuwa haki yake kucheka.

Hata nilipoukwangua, viungo viliongeza ukinzani wao, hivyo nikatumia nyaya nne: mbili za nje zikipitisha mkondo, mbili za ndani zikienda kwenye voltimita, ambayo haivuti mkondo wa maana. Namba zikatulia: omu 4.4 kwenye barafu, 5.0 chumbani, 6.3 kwenye maji yanayochemka. Mstari ulionyooka! Nikavunjika moyo, maana kumbe hata shaba ya mota hufanya hivyo.

Jibu lilikuwa chini zaidi, barafu yangu isikofika. Ndani ya shaba, elektroni hukwazwa na mitetemo ya atomi; baridi ikizidi mitetemo hulala, mstari hujilaza, na ukinzani kidogo hubaki. Katika ule msombo, mstari hauachi kunyooka mpaka kwenye kizingiti cha kelvini 30, kwa hiyo elektroni zinakwazwa na jambo jingine, na wengi hushuku kuwa ni misukosuko ya sumaku iliyo ukingoni mwa kuzimika, ambayo huenda ndiyo pia inayoziunganisha elektroni mbili mbili, muungano unaofanya ukinzani utoweke.

Siku hizi ubaoni nachora kwanza mistari hiyo miwili kuanzia kelvini 300 kushuka, na kutoweka kwa ukinzani nakuacha hadi dakika kumi za mwisho.