Noti ya mia tano

Jumamosi, saa tatu usiku, Majengo, Goma.

Asubuhi nilikuwa nyuma ya butiki nachambua maharagwe, nikasikia kijana wa dada yangu akimwambia mteja kwa sauti: "Mama, hii haipite." Kisha kimya. Nilipotoka nilikuta Guigoz, lile kopo la maziwa tunalopimia, imejaa maharagwe juu ya meza na mteja hayupo. Watu wanne waliokuwa wakingoja zamu walikuwa wanatazama chini.

"Ameenda?"

"Ameenda, mama mdogo. Noti zake zimeoza. Moja ilikuwa vipande viwili, imeshikizwa na plasta."

Sikumgombeza, maana mimi ndiye niliyemfundisha kukagua noti. Kila anayeuza kitu Goma anazijua hizo faranga. Tangu benki zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, noti mpya hazituingilii, na zilizochakaa hazina pa kurudishwa. Mia tano ile ile inatoka kwa muuza makala (mkaa), inaenda kwa mwenye pikipiki, inashuka ziwani Kituku kwa wauza sambaza, wale samaki wadogo, inanirudia imelowa jasho na mafuta hadi namba zake hazisomeki. Nikiipeleka Birere kununua gunia, muuzaji wa jumla anaisukuma pembeni kwa kidole kimoja, bila hata kunitazama. Hasara inalala kwangu.

Kwa hiyo hesabu ya kijana ilikuwa sawa. Kilichonichoma ni ile sauti. Yule mama ananunua kwangu tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Anayekuja kununua maharagwe saa nne asubuhi ameshawasha makala na sufuria imeshatiwa maji. Amerudi nyumbani na noti zake mkononi, mbele ya majirani, kama mtu aliyekamatwa akiiba. Nimeyafikiria haya mchana kutwa, nikipima sukari na kumimina mafuta, na nadhani leo nimeelewa swali nililoshindwa kulijibu wiki tatu zilizopita.

Katika likelemba yetu, kikundi chetu cha kuchangiana fedha, kabla ya kupewa mkopo, kila mmoja aliombwa aseme kwa maneno machache biashara yake ni ya nini. Mimi nilisema: kupata faida ili watoto wasome. Ni kweli, na sioni aibu. Karo hailipwi kwa maneno mazuri. Lakini jibu hilo lingeweza kusemwa na mtu yeyote anayeuza chochote, na nilipokaa chini nilihisi nimesema nusu.

Nusu nyingine niliiona kwa mama yangu, nikiwa msichana wa miaka kumi na minne. Alikuwa na kibanda chake Birere. Alhamisi ile ya tarehe 17 Januari 2002, volkeno ya Nyiragongo ilipopasuka na lava, ule uji wa mawe ya moto, ikakata mji ikishuka hadi ziwani, tulikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, na nguo za mwilini. Tuliporudi, mahali pa kibanda palikuwa na jiwe jeusi ambalo bado linafuka moshi. Chumvi, sabuni, samaki wakavu, mizani, vyote chini ya jiwe. Na daftari la madeni pia. Mama alilia daftari kuliko mizani.

Akaweka meza pembeni ya barabara, akaanza upya na chumvi na viberiti. Ndipo watu wakaanza kuja. Mmoja alisema, "Yaya (dada), nilikuwa na deni lako la mafuta chupa mbili." Mwingine alilipa kidogo kidogo, kila Jumapili baada ya misa, hadi karibu na Pasaka. Wapo ambao hawakuja kamwe, na wengine nilikuwa nawafahamu kwa sura. Mama alinikataza kuwataja. Ila waliokuja walikuwa wengi vya kutosha kununua mizani nyingine. Nilimuuliza kwa nini wanalipa deni ambalo hakuna anayeweza kulithibitisha. Aliendelea kufunga vifurushi vya chumvi, halafu akaniambia: "Sijawahi kuwadai mbele ya watu."

Sikuyazingatia maneno yale. Nilitaka viatu. Leo naona kwamba mama alikuwa akiwauzia watu chumvi na kuwalindia uso kwa bei ile ile, na ndiyo maana walirudi kwake na si kwa jirani aliyekuwa na bei nafuu kuliko yeye.

Basi tumeketi na kijana mchana, tukapanga. Noti mbovu itakaguliwa kabla ya kupima, sio baada. Ikikataliwa, ataongea taratibu, amvute mteja pembeni: "Mama, sogea hapa kidogo." Tutapokea noti moja iliyochoka kwa kila mteja tunayemjua, mradi namba zote mbili zinaonekana, na tutaziweka kwenye kopo lake tuone kwa mwezi zinatugharimu kiasi gani. Huenda nisiweze kuendelea. Mtaji wangu ni mdogo, na gunia la maharagwe linategemea barabara ya Masisi imeamkaje. Nitajaribu mwezi mmoja.

Jioni nilifunga mapema, nikabeba Guigoz mbili za maharagwe kwenye mfuko, nikaenda kwake. Alikuwa nje, anamsuka mjukuu. Nikamwambia, "Mama, nisamehe kwa ya asubuhi. Mtoto bado anajifunza." Hakutabasamu. Aliendelea na mstari wa nywele hadi mwisho, akafunga uzi, ndipo akapokea mfuko na kuupima uzito mkononi.

"Ni mbili?"

"Ni mbili, mama."

"Nilitaka moja."

"Ya pili ni yangu kwako."

"Hapana. Andika zote mbili. Nitalipa mwisho wa mwezi."

Daftari na kalamu nilikuwa nimeviacha butiki. Nilipomwambia nitaandika nikifika, alitikisa kichwa, akamtuma mjukuu, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, alete kalamu ya shule. Nikaandika kwenye kiganja cha mkono wangu wa kushoto, yeye akiangalia: jina lake, Guigoz mbili, tarehe. Sasa hivi nimemaliza kuhamishia kwenye daftari. Wino bado haujatoka wote.